Mtoto wa Meza

Herne, mwezi wa pili, ghorofa ya tatu.
Babu Alfons alinipigia simu kabla ya mapambazuko
kwa sauti ya mtu aliyevunjiwa duka:
"Svenja, mtoto wa meza ametoweka."

Nikapanda ngazi na mkate na betri nne,
sijui betri za nini, mkono ulizichukua tu.
Atari yake ya mwaka themanini na tisa
inakaa pale cherehani ya bibi ilipokaa.
Kijivu chake kimeiva njano
kama meno ya mvuta kiko.
Chini yake sanduku la diski kuu, zito kama tofali la tanuri,
linavuma.
Linavuma, babu, kwa hiyo li hai.
"Kuvuma si kuitika," akasema.

Kiooni, meza tupu karibu yote.
Droo A. Droo B. Pipa la taka.
Ilipokuwa C, pengo,
kama jino lililong'oka usiku bila damu.

Ndani ya C wamo njiwa,
miaka thelathini na miwili ya njiwa wa mashindano:
namba za pete, mama nani, baba nani,
nani aliachiwa Passau saa kumi na mbili asubuhi
akatua darini saa sita na dakika kumi na tisa,
nani hakutua.
Banda liliuzwa zamani, mbao zake sasa ni uzio wa jirani.
Kundi zima linaishi humo, kwenye kisahani kinachozunguka.

Tukaanza. Zima.
Washa sanduku kwanza, hesabu hadi sitini, ndipo mashine;
mzee haamshwi kwa kelele.
Nyuki akatokea kiooni, yule wa kusubirisha watu,
akaganda hewani, akaenda zake.
Droo A. Droo B. Pipa.
Nikauchomoa waya wa nyuma, nikaupuliza, nikaurudisha.
Mara ya tatu yakaja mabomu mawili, madogo, meusi,
na babu, aliyezaliwa chini ya mabomu ya kweli,
akacheka mpaka akashika ukuta.

"Jana uligusa nini?"
"Sikugusa."
Supu ya dengu ikapoa kidogo.
"Nilibonyeza Ondoa," akasema, akiitazama supu.
"Nilidhani ni ile droo B. Sina kitu cha B."

Ah. Basi diski haikuugua.
Ni mlango tu uliofutwa ukutani, chumba kipo.
Nikaichagua A, nikafungua orodha ya juu,
Sakinisha, nikaandika c, nikabonyeza.
Droo ikaota mezani, mpya, safi!
Nikaifungua.
Tupu.
Hakuna faili hata moja, hakuna hata unyoya.

Babu hakusema neno. Nilisikia friji.
Nikafunua kitabu cha maelekezo, kurasa zimeshikana kahawa,
na humo, kwa herufi za sisimizi:
c ndogo ni kile kitundu cha ubavuni,
ambacho nyumba hii haijawahi kukichomeka kitu.
Nilikuwa nimepiga hodi kwenye banda la bandia.

Akasoma juu ya bega langu. Akavua miwani.
"Sisi hapa kila jina la kitu tunalianza kwa herufi kubwa.
Simu zenu zimewalegeza."
Mdomoni c ni c. Mashine haina mdomo.

C.
Sakinisha.
Wakamiminika, mistari kwa mistari,
pete 0417, pete 0418, akiwataja kabla sijawafikia.

Nikataka kula. Akanishika kiwiko:
"Meza haijahifadhiwa. Ukizima sasa, watapotea tena."
Kweli. Hifadhi. Nyuki. Zima, sitini, washa.
Droo A, droo B, pipa, na yeye,
mtoto wa meza, pembeni, kana kwamba hakutoka.

Kwa pete 0417 safu ya saa ya kutua iko wazi bado.
Kipanya kikasimama hapo muda. Hakuandika.

Betri zikaingia kwenye saa ya ukutani.
Kumbe ilisimama tangu Novemba.